Nani Mwenye Tamaa? Njaa, Msitu na Mama katika Historia ya Hadithi ya Hansel na Gretel

Utangulizi

Nilipokuwa darasa la nne katika shule ya msingi mjini Bujumbura, mwalimu wetu alitusomea kwa Kifaransa hadithi ya watoto wawili walioachwa msituni na wazazi wao. Watoto hao walifika kwenye nyumba iliyojengwa kwa mkate, wakaanza kuila, na mwenye nyumba naye akataka kuwala wao. Alipomaliza kusoma, mwalimu alituuliza hadithi hiyo inatufundisha nini. Darasa zima likajibu kwa sauti moja: tusiwe na tamaa. Mwalimu akaridhika. Mimi sikuridhika, lakini sikunyoosha mkono.

Nilikuwa na sababu yangu. Nimelelewa na bibi yangu katika mtaa wa Buyenzi. Mama aliniacha kwake nilipokuwa na umri wa miaka mitatu, mwaka ambao mavuno ya kwao yaliharibika, akavuka mpaka kwenda kutafuta kazi. Baadhi ya majirani walikuwa na maelezo yao mafupi: mama yako amefuata tamaa zake. Kwa hiyo niliposikia habari ya mama aliyewapeleka watoto wake msituni, nilitaka kujua jambo moja tu. Katika hadithi hii, mwenye tamaa hasa ni nani?

Insha hii inajaribu kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Hoja yangu ni kwamba hadithi ya Hansel na Gretel, ambayo leo husomwa kama onyo juu ya tamaa ya watoto na ukatili wa mama wa kambo, ilizaliwa katika mazingira ya njaa na ya msitu uliokuwa ukifungwa mbele ya macho ya maskini. Kadiri ilivyochapishwa tena na tena, lawama ilihamishwa kutoka kwenye njaa na kuwekwa juu ya mwanamke mmoja. Nitaanza na hadithi yenyewe, kisha nitapitia historia ya uandishi wake, njaa za Ulaya, sheria za misitu na sukari. Mwishoni nitaonyesha jinsi msitu huo wa Kijerumani ulivyofika hadi kwetu Afrika Mashariki.

Hadithi kwa ufupi

Mkata kuni maskini anaishi kando ya msitu mkubwa pamoja na mke wake na watoto wawili, Hansel na Gretel. Chakula kinakwisha. Usiku, mke anamshauri mumewe wawapeleke watoto katikati ya msitu na kuwaacha huko, kwa kuwa wakibaki wote wanne watakufa. Mume anasita, kisha anakubali. Mara ya kwanza Hansel anadondosha vijiwe vyeupe njiani na watoto wanarudi nyumbani kwa mwanga wa mwezi. Mara ya pili anadondosha makombo ya mkate, na ndege wanayala yote.

Watoto wanapotea. Baada ya kutangatanga wanaona nyumba ya mkate yenye paa la keki na madirisha ya sukari. Wanaanza kula. Bibi kizee anatoka, anawakaribisha kwa upole, anawapa chakula kizuri na vitanda safi. Kumbe ni mchawi mla watoto. Anamfungia Hansel ili amnenepeshe, na Gretel anamfanya mtumishi. Kila siku anataka kukishika kidole cha Hansel aone kama amenona, naye Hansel anamnyoshea kijifupa, kwa sababu macho ya kizee hayaoni vizuri. Mwishowe Gretel anamsukuma mchawi ndani ya tanuri. Watoto wanachukua lulu na vito vyake na kurudi kwa baba yao. Mama amekwisha kufa.

Tukizihesabu tamaa za hadithi hii, hazipungui nne: ya mke anayetaka mkate uliobaki, ya watoto wanaokula nyumba isiyo yao, ya mchawi anayetaka nyama, na ya watoto tena wanapobeba mali ya marehemu. Tamaa hiyo ya nne haimsumbui msimulizi hata kidogo. Yaani hadithi yenyewe inachagua nani aitwe mwenye tamaa na nani asiitwe. Mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza uchaguzi huo ulifanywa lini na nani.

Kabla ya ndugu Grimm

Watu wengi hudhani kwamba hadithi hii ilianza na ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm. Sivyo. Simulizi za watoto walioachwa msituni zilikuwa zimechapishwa Ulaya zaidi ya miaka mia moja kabla yao.

Mjini Naples, Italia, mkusanyiko wa hadithi za Giambattista Basile ulichapishwa kati ya mwaka 1634 na 1636, baada ya mwandishi kufariki. Ndani yake mna hadithi ya Nennillo na Nennella, ambapo mama wa kambo anamlazimisha baba kuwapeleka watoto msituni. Baba mwenyewe anawawekea alama ya majivu ili waweze kurudi. Mara ya pili anaweka pumba, na punda anazila.

Ufaransa, mwaka 1697, Charles Perrault alichapisha hadithi ya mtoto mdogo kuliko wote katika familia ya mkata kuni mwenye watoto saba wa kiume. Humo hamna mama wa kambo. Kuna baba na mama wa kuwazaa, na ni baba anayetoa wazo la kuwaacha watoto. Mama anapinga, analia, kisha anakubali kwa kuwa hataki kuwaona wakifa njaa mbele yake. Perrault anasema waziwazi kwamba ulikuwa mwaka wa njaa kali. Wasomaji wake hawakuhitaji kuelezwa zaidi. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, 1693 hadi 1694, Ufaransa ilikumbwa na njaa iliyoua zaidi ya watu milioni moja.

Hapa tunaona jambo la msingi. Kwa Perrault, kuwaacha watoto ni tendo la kutisha linalofanywa na watu wa kawaida waliobanwa. Wahenga wetu walisema mwenye njaa hana miiko, na Perrault angewaelewa.

Jinsi mama alivyogeuka kuwa mama wa kambo

Jacob Grimm alizaliwa 1785 na Wilhelm 1786. Baba yao alifariki 1796 akaacha watoto sita, na familia iliyokuwa na hali nzuri ikaanza kutegemea msaada wa jamaa. Mama yao, Dorothea, alifariki 1808. Mwaka huohuo Jacob alipata kazi ya ukutubi mjini Kassel kwa mfalme Jérôme, ndugu yake Napoleon, aliyewekwa na Wafaransa kutawala sehemu hiyo ya nchi za Kijerumani. Katika mazingira hayo ya kutawaliwa na wageni ndugu hao walianza kukusanya hadithi, wakiamini kwamba masimulizi ya watu wao yangepotea yasipoandikwa.

Tusidhani kwamba walizunguka vijijini wakiwasikiliza wakulima. Wengi waliowapa hadithi walikuwa wasichana wasomi wa mjini, miongoni mwao mabinti wa familia ya Wild, iliyokuwa na duka la dawa mjini Kassel. Mmoja wao, Dortchen Wild, aliolewa na Wilhelm mwaka 1825. Hata masimulizi ya njaa, basi, yalipita katika vinywa vya watu waliokuwa wakila vizuri kuliko mkata kuni.

Bahati nzuri kwa wanahistoria, tunaweza kuyafuata mabadiliko ya hadithi hii hatua kwa hatua. Mwaka 1810 ndugu Grimm walimpelekea mswada mshairi Clemens Brentano. Wao wakaiharibu nakala yao, lakini ile ya Brentano ilisalia na ikapatikana baadaye katika monasteri ya Ölenberg, Alsace. Toleo la kwanza lililochapishwa lilitoka mwishoni mwa 1812, na hadithi ya Hansel na Gretel ilikuwa ya 15. Matoleo yakafuatana hadi la saba, la mwaka 1857, lenye hadithi 200 pamoja na visa 10 vya kidini vya watoto. Hili la mwisho ndilo lililotafsiriwa duniani kote.

Katika mswada wa 1810 na katika toleo la 1812, mwanamke anayetaka watoto waachwe msituni ni mama yao mzazi. Katika toleo la nne, la mwaka 1840, amekuwa mama wa kambo. Mabadiliko haya si ajali ya kalamu. Jambo lilelile lilitokea katika hadithi ya Snow White: mwaka 1812 malkia mwenye wivu ni mama mzazi, na katika toleo la 1819 ni mama wa kambo. Wilhelm, aliyesimamia sehemu kubwa ya marekebisho, alikuwa akiugeuza mkusanyiko wa wasomi kuwa kitabu cha malezi. Mwaka 1825 walitoa hata toleo dogo la hadithi 50 lililolengwa watoto. Katika kitabu cha malezi, mama hawezi kuwa mtu wa kumtupa mtoto wake. Kwa hiyo mama akaokolewa, na mwanamke mwingine akatwishwa mzigo.

Kuna anayeweza kupinga kwamba mama wa kambo walikuwa wengi kweli wakati ule, kwa sababu wanawake wengi walikufa wakati wa kujifungua na wanaume wakaoa tena. Ni kweli, na ndiyo maana wasomaji walimkubali kwa urahisi. Lakini hoja hiyo inaeleza kwa nini badiliko liliaminika, haielezi kwa nini lilifanywa.

Niliposimulia haya nyumbani, Bibi alikuwa akichambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Na huyo baba, mjukuu wangu, alikuwa wapi?" Nimesoma vitabu kadhaa kwa ajili ya insha hii, na bado naliona hilo kuwa swali bora kuliko yote. Baba alikuwepo. Ndiye aliyejua njia, na mara zote mbili alifuatana na mkewe kuwapeleka watoto wake msituni. Mwisho wa hadithi mke amekufa, naye baba anapokewa kwa kukumbatiwa na anafaidi lulu. Kadiri mwanamke alivyozidi kufanywa mbaya toleo baada ya toleo, ndivyo mwanamume alivyozidi kuonekana mtu mwema mwenye huzuni.

Njaa ipi?

Je, hadithi inatokana na njaa fulani? Katika maandishi mengi ya kupendwa na watu inasemwa kwamba Hansel na Gretel ni kumbukumbu ya Njaa Kuu ya 1315 hadi 1317. Njaa hiyo ilikuwa ya kweli. Mvua zisizokatika tangu majira ya kuchipua ya 1315 ziliozesha nafaka kaskazini mwa Ulaya, mifugo ikafa, na baadhi ya maandishi ya zama zile yanataja watoto waliotelekezwa na hata watu kula watu.

Hata hivyo, naona tunapaswa kuwa waangalifu. Kati ya 1315 na 1812 ni karibu miaka mia tano, na hatuna daraja la ushahidi linalounganisha tukio lile na hadithi hii. Vilevile, taarifa za watu kula watu huandikwa karibu kila penye njaa kubwa. Nyingine ni ushuhuda, nyingine ni uvumi wa watu wenye hofu.

Lililo salama zaidi kusema ni hili: njaa haikuwa kumbukumbu ya mbali kwa waandishi wala kwa wasomaji wao. Mwezi Aprili 1815 mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka, na vumbi lake likapoza hali ya hewa. Mwaka 1816 ulikosa kiangazi katika sehemu kubwa ya Ulaya, nafaka hazikuiva, na nchi za Kijerumani zikapata njaa iliyoendelea hadi 1817 na kuwafanya maelfu wahame. Toleo la pili lilitoka 1819, miaka miwili tu baada ya hapo. Tena kati ya 1846 na 1847 ugonjwa wa viazi na mavuno mabaya vilileta ughali mkubwa, na Aprili 1847 watu wa Berlin walivamia wauza viazi sokoni. Ukisoma toleo la 1857, ambalo mwanzoni kabisa linataja ughali mkubwa ulioikumba nchi, unasoma maneno ambayo kila mzazi Mjerumani aliyajua kwa tumbo lake.

Kuna kisa kingine kinachotufundisha kuhusu tamaa yetu sisi wasomaji, yaani tamaa ya kutaka kila hadithi iwe na tukio moja la kweli nyuma yake. Mwaka 1963 Hans Traxler, mchoraji na mwandishi wa vichekesho wa Kijerumani, alitoa kitabu kilichodai kufunua ukweli wa Hansel na Gretel. Alieleza kwamba mwalimu mmoja aitwaye Georg Ossegg alichimba msituni, akapata masalia ya nyumba, tanuri na mifupa ya mwanamke. Kumbe mchawi alikuwa mwokaji hodari wa keki za viungo, na Hansel na Gretel walikuwa watu wazima waliomuua ili wapate siri ya mapishi yake. Picha zilikuwepo, hati zilikuwepo, kila kitu kilikuwepo. Yote yalikuwa mzaha. Ossegg hakuwahi kuishi, lakini watu wengi waliamini. Somo ni kwamba picha na hati havitoshi kuwa ushahidi, hasa pale vinapotuambia jambo tulilotamani kulisikia.

Msitu ulikuwa wa nani?

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu halijapewa uzito unaostahili katika usomaji wa kawaida. Mkata kuni anaishi kando ya msitu mkubwa. Msituni mna kuni, matunda, uyoga, wanyama na malisho ya nguruwe. Inakuwaje basi afe njaa mlangoni mwa msitu?

Jibu moja ni kwamba msitu haukuwa wake. Kwa karne nyingi wanavijiji wa nchi za Kijerumani walikuwa na haki za kimila: kuokota matawi yaliyoanguka, kulisha nguruwe mbegu za mialoni, kukusanya majani ya kulaza mifugo. Kuanzia karne ya 18 watawala walianza kuuona msitu kama hazina ya fedha. Elimu mpya ya misitu ikazaliwa, ya kupima miti, kuihesabu na kupanga itakatwa lini. Heinrich Cotta alihamishia shule yake ya misitu Tharandt mwaka 1811, na mwaka huohuo Georg Ludwig Hartig alikabidhiwa usimamizi wa misitu ya Prussia. Mwaka uliofuata, Hansel na Gretel wakaingia kwenye chapa.

Katika hesabu za elimu hiyo mpya, tawi lililoanguka lilikuwa mali ya mwenye msitu. Aliyeliokota akawa mwizi. Katika Prussia ya miaka ya 1830 makosa ya msituni yalikuwa sehemu kubwa ya mashtaka yote yaliyofikishwa mahakamani. Mwaka 1842 kijana mwandishi wa gazeti, Karl Marx, aliandika mfululizo wa makala kuhusu mjadala wa bunge la jimbo la Rhine juu ya sheria ya wizi wa kuni. Alitetea haki ya kimila ya maskini ya kuokota kilichoanguka, akidai kuwa kuokota tawi kavu si sawa na kukata mti ulio hai. Baadaye, mwaka 1859, alieleza kwamba suala hilo ndilo mojawapo ya mambo yaliyomsukuma kwa mara ya kwanza kuchunguza masuala ya uchumi.

Tukirudi kwenye hadithi tukiwa na haya akilini, nyumba ya mkate inaonekana tofauti. Katikati ya msitu wamo watoto wenye njaa. Wanaona chakula, wanamega kipande cha paa, na mara sauti inatoka ndani ikiuliza ni nani anayeimega nyumba yake. Hilo ni swali la mwenye mali. Adhabu ya mmego ule ni kifungo, kazi ya bure na kifo. Sidai kwamba ndugu Grimm walikusudia kuandika juu ya sheria za misitu. Ninachodai ni kwamba msikilizaji maskini wa wakati ule, aliyejua ndugu au jirani aliyefungwa kwa ajili ya mzigo wa kuni, hakuhitaji kufafanuliwa kwa nini msitu unatisha.

Madirisha ya sukari

Kwa nini madirisha yawe ya sukari? Kwetu sukari ni kitu cha dukani, lakini Kassel ya 1812 haikuwa hivyo. Tangu 1806 Napoleon alikuwa amepiga marufuku biashara na Uingereza katika nchi zilizokuwa chini yake. Sukari ya miwa kutoka visiwa vya Karibi ikaadimika na bei ikapanda sana. Wataalamu wa Kijerumani walikuwa wakihangaika kuipata kutoka kwenye bitiruti: Andreas Marggraf alionyesha mwaka 1747 kwamba inawezekana, na Franz Carl Achard akaanzisha kiwanda Silesia mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo dirisha zima la sukari, wakati kitabu kinachapishwa, lilikuwa ndoto ya utajiri. Mchawi hakutega kwa mkate peke yake. Mkate uliwaita wenye njaa, na sukari ikawafanya wakae.

Sukari hiyo nayo ilikuwa na mchawi wake. Ililimwa na watumwa kutoka Afrika. Sehemu kubwa walitoka magharibi na katikati ya bara letu, lakini pwani ya Waswahili haikusalimika. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili apatiwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi, visiwa ambavyo katika karne iliyofuata vilijaa miwa. Ipo, basi, tamaa ambayo hadithi haikuweza kuiona kabisa, ile iliyokuwa ndani ya kioo cha dirisha lenyewe.

Msitu wa Wajerumani unafika kwetu

Mwanafunzi mwenzangu anaweza kuuliza: haya ya Ulaya yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia ya moja kwa moja. Koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani lilijumuisha Tanganyika, Rwanda na Burundi, na nchi yangu ilikuwa chini yake hadi Wabelgiji walipoingia 1916. Waliokuja kutawala walibeba elimu ileile ya misitu. Mikoko ya delta ya Rufiji ilikuwa miongoni mwa misitu ya kwanza kuwekwa chini ya usimamizi wa serikali. Mwaka 1904 ilitolewa sheria ya kuhifadhi misitu, na maeneo ambayo watu walilima, waliwinda na kukusanya sandarusi na mpira yakaanza kuwekewa mipaka.

Mwaka uliofuata, Julai 1905, vita vya Maji Maji vililipuka katika vilima vya Umatumbi, jirani na Rufiji. Vitabu vyetu vya shule hutaja kodi, ukatili na kilimo cha lazima cha pamba, na ni sawa kuvitaja. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameongeza kwamba kufungiwa misitu nako kulikuwa na nafasi katika hasira ile. Jibu la Wajerumani lilikuwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Wengi wa waliokufa, ambao makadirio mengine huwafikisha 300,000, hawakufa kwa risasi bali kwa njaa iliyofuata.

Nchi ambayo wazazi walisimuliana hadithi ya watoto walioachwa kwa sababu ya njaa ilitumia njaa kama silaha kwa wazazi wa bara jingine. Sijui kama ofisa yeyote aliyetia moto ghala la mtama kule Umatumbi alikumbuka hadithi aliyosomewa utotoni, lakini kwa umri wake na nchi yake inaelekea aliijua.

Mwanamke mmoja anaibadilisha hadithi

Kabla ya kuhitimisha, niseme kwamba lawama juu ya mama haikuwa lazima iendelee. Tarehe 23 Desemba 1893 opera ya Engelbert Humperdinck juu ya hadithi hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Weimar. Maneno yake yaliandikwa na dada yake, Adelheid Wette. Katika mkono wa Wette, hakuna mpango wa kuwatupa watoto. Mama amechoka, nyumbani hamna kitu, chungu cha maziwa kinavunjika, na kwa hasira anawafukuza watoto wakachume matunda msituni. Baadaye anajuta na kwenda kuwatafuta pamoja na mumewe, na mwishoni yu hai.

Wapo wanaosema Wette aliilainisha hadithi mno kwa ajili ya watu wa tabaka la kati na watoto wao. Inawezekana. Lakini alimrudisha mama mzazi mahali pake, akamwacha awe maskini na mwenye hasira bila ya kumfanya jini.

Hitimisho

Methali yetu husema tamaa mbele, mauti nyuma. Nimejaribu kuonyesha kwamba katika historia ya Hansel na Gretel mpangilio mara nyingi ni kinyume: mauti ndiyo yaliyotangulia, yaani njaa, na kile tunachokiita tamaa kikafuata. Tumeona pia kwamba hadithi haisimami mahali pamoja. Mwaka 1697 walikuwa wazazi wawili wenye njaa, mwaka 1812 mama mzazi, na tangu 1840 mama wa kambo. Kila toleo lilimtafuta mtu wa kumbebesha kosa, na halikumwona mwenye msitu, wala mwenye ghala, wala mwenye sukari. Jibu langu kwa swali la utangulizi, basi, ni kwamba walio na tamaa kubwa zaidi hawakuandikwa katika hadithi. Tunawapata nje yake, katika sheria, mikataba na bei za vyakula.

Wiki niliyomaliza kuandika insha hii nilimpigia simu mama. Nilimwuliza kwa nini aliniacha Buyenzi mwaka ule. Tulikuwa hatujawahi kulizungumza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kwetu mihogo iliisha mwezi wa tatu. Kuni tulikuwa tukiokota kwenye msitu wa hifadhi, tukakatazwa. Kwa bibi yako ugali ulikuwepo. Ningekupeleka wapi kwingine?"

Nimeyaandika maneno yake hapa kwa sababu ni chanzo cha historia kama vyanzo vingine, na kwa sababu katika darasa lile la nne hapakuwa na mtu wa kuyasema.